Simu Moja, Wasee Wawili, Hukumu ya Kifo: Kamba ya Kenya Bado Iko

Kama ulizaliwa baada ya Julai 1987, hujawahi kuishi hata siku moja ambayo serikali ya Kenya imenyonga mtu. Wa mwisho walikuwa Hezekiah Ochuka na Pancras Okumu, wanajeshi wa anga waliojaribu kupindua Moi tarehe 1 Agosti 1982. Ochuka alikuwa wa cheo cha chini, akashika nchi kwa masaa kama sita hivi, mambo yakachacha, akatorokea Tanzania. Akarudishwa, akashtakiwa uhaini, akanyongwa Kamiti. Tangu hapo kamba imekaa tu.

Ndio maana ukibonga na wasee wengi mtaani watakuambia Kenya hakuna hukumu ya kifo, eti iliisha kitambo. Zii. Haijaisha. Iko kwa sheria, inasomwa kortini, na kuna watu wanalala jela usiku huu wakiwa nayo kichwani. Kile kiliisha ni kunyonga, na hata hicho hakikuisha kwa sheria. Kiliisha kwa sababu kutoka Moi wa baada ya 1987, kuja kwa Kibaki, Uhuru na Ruto, hakuna rais ameruhusu mtu apelekwe kwa kitanzi. Hiyo tu. Hakuna kifungu cha sheria kinachomzuia rais mwingine kuamka Jumatatu akiwa na roho tofauti.

Mimi si wakili, na hata digrii sina, lakini hii kitu haihitaji wakili ndio uisome. Inahitaji tu ukae chini na kifungu kimoja cha Kanuni za Adhabu, cha 296(2), wizi wa mabavu. Ukimaliza kukisoma utaangalia mbogi yako kwa jicho ingine.

Sheria inasema hivi, nikiiweka kwa lugha ya base: ukiiba kwa mabavu, na moja ya hizi vitu tatu iwepo, hukumu ni kifo. Moja, ulikuwa na silaha au chombo chochote cha hatari. Mbili, ulikuwa na mtu mwingine hata mmoja. Tatu, ulimuumiza au kumpiga mtu kabla, wakati au mara tu baada ya kuiba. Soma tena. Si lazima ziwe zote tatu. Moja inatosha.

Sasa leta hiyo story hapa kwetu. Msee amepigwa ngeta pale Globe saa mbili usiku. Wakora ni wawili, mmoja ameshika shingo, mwingine ametoa simu ya ngiri kumi. Hakuna bunduki. Hakuna aliyekufa. Aliyeibiwa ameamka, amekohoa, ameenda zake kutafuta mathree akilia simu. Kwa macho ya sheria, hao wawili wamefanya kosa lenye adhabu sawa na ya kupindua serikali. Ochuka alitaka nchi nzima, wao walitaka simu, na mwisho wa karatasi neno ni lile lile.

Usiniskie vibaya. Ngeta ni ujinga na ni hatari, kuna watu wameachwa na shingo mbaya maisha yote, na wengine hawakuamka. Sisemi wakora wapewe chai. Nauliza tu kama mtu aliyechukua simu na mtu aliyeua familia wanafaa kusomewa kitu kimoja, bila jaji kuruhusiwa hata kuuliza huyu ana miaka mingapi, alikuwa anafanya nini kwa hiyo kundi, au simu ilirudishwa.

Hapo ndio kesi ya Muruatetu inaingia, na hapa utulie kidogo kwa sababu ndio roho ya mambo.

Francis Muruatetu na Wilson Thirimbu walikuwa wamefungwa kwa mauaji. Zamani kifungu cha 204 kilikuwa kinamwambia jaji kitu moja: akipatikana na hatia ya kuua, soma kifo. Jaji alikuwa kama mashine ya tokeni, unaweka hatia, inatema kifo. Hawa wawili wakapigana mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 14 Disemba 2017 majaji wakasema hiyo ya kulazimisha ni kinyume cha Katiba. Ona vizuri walichosema. Hawakusema hukumu ya kifo imekufa. Walisema jaji lazima aruhusiwe kumsikiliza mtu kwanza, aangalie mazingira ya kosa na ya mtu mwenyewe, kisha achague. Kifo kikabaki kwa menyu, lakini kikaacha kuwa chakula cha pekee.

Baada ya hapo jela ziliwaka moto wa matumaini. Kila mtu aliyekuwa na kifo akaandika barua kortini aombe ahukumiwe upya, na si wa mauaji pekee, wa wizi wa mabavu pia. Makorti kadhaa yakakubali. Kuna watu walipunguziwa, kuna wengine waliambiwa miaka waliyokaa inatosha, nendeni nyumbani. Kisha tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikarudi ikasema subiri kwanza, mmetuelewa vibaya. Uamuzi wetu ulikuwa wa mauaji peke yake. Wa wizi wa mabavu, wa kujaribu wizi wa mabavu, wa uhaini, hao haiwahusu. Kama mnataka hizo sheria ziangushwe, mfungue kesi yenu Mahakama Kuu, ibishaniwe vizuri, ipande ngazi.

Kwa hivyo tuko hapa: ukiua mtu Kenya leo, jaji atakusikiliza, atauliza kama umejuta, atasoma ripoti ya maafisa wa probesheni, atasikia familia ya aliyeuawa, kisha anaweza kukupa kifo au miaka ishirini au chini ya hapo. Ukimnyang'anya mtu simu mkiwa wawili, hakimu akikupata na hatia, sheria vile imeandikwa inampa neno moja pekee la kusoma. Aliyeua ana nafasi ya kujieleza. Aliyeiba hana. Kama kuna mtu anaweza kunieleza mantiki ya hiyo, niko hapa.

Na kuna ingine ndogo ambayo wengi hawajui. Kesi ya mauaji inasikizwa Mahakama Kuu, na kama huna doo za wakili, serikali inakupatia mmoja. Wizi wa mabavu unaanzia kwa hakimu, pale Makadara au Kibera, na kwa miaka mingi wasee wamesimama kizimbani peke yao, wakimuuliza shahidi maswali kwa Kiswahili cha kubahatisha, kosa likiwa la kifo. Katiba ya 2010 inasema upewe wakili kama bila yeye utaonewa, na sheria ya msaada wa kisheria ikapitishwa 2016. Kwa karatasi iko fiti. Kwa benchi ya korti bado ni wewe na Mungu wako.

Ukitaka kuona tofauti ya jaji aliye na nafasi ya kuchagua, angalia kesi ya Willie Kimani. Juni 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwendwa, na dereva wao Joseph Muiruri walitoka kortini Mavoko wakapotea. Mwendwa alikuwa wa bodaboda aliyepigwa risasi na polisi na akakataa kunyamaza. Miili yao ilitolewa mtoni Ol Donyo Sabuk, ndani ya magunia. Kesi ikachukua zaidi ya miaka sita. Februari 2023, Jaji Jessie Lessit akampa Fredrick Leliman, afisa wa polisi, hukumu ya kifo. Lakini wenzake hawakupewa hiyo: mmoja alipata miaka 30, mwingine 24, na yule aliyekuwa akiwapa polisi habari akapata 20. Kesi moja, watu wanne, hukumu nne. Jaji alipima nani alifanya nini. Unaweza kukubaliana naye au ukatae, lakini angalau kuna mtu alipima.

Na hiyo kesi ndio inanichanganya mimi binafsi, sitakudanganya. Kila nikiwa na uhakika kwamba serikali haifai kuua mtu, nakumbuka hayo magunia. Nakumbuka ni karao, mtu analipwa na ushuru wetu, aliyemfuata kijana wa boda kwa sababu alithubutu kulalamika. Kuna sehemu ya mimi inasema huyo ndio hukumu ya kifo iliandikiwa. Wengi wenu mko na hiyo sehemu pia. Ilijitokeza Januari 2024 wakati wasichana walikuwa wanauawa mpaka watu wakaandamana mji mzima. Ilijitokeza Shakahola, wakati miili iliyofukuliwa ilipita mia nne. Ilijitokeza Machi 2024, Jowie Irungu alipohukumiwa kifo kwa kumuua Monica Kimani, na nusu ya nchi ikauliza, sasa kwani atanyongwa lini?

Jibu ni kwamba hakuna tarehe. Hiyo ndio aibu ya hii kitu yote. Serikali inamwambia mama wa marehemu, mwanao amepata haki, huyu atakufa. Inamwambia aliyehukumiwa, wewe utakufa. Kisha haifanyi kitu. Miaka kumi, ishirini. Inadanganya pande zote mbili na muhuri wa korti juu.

Halafu mara moja moja rais anakuja na kalamu. Kibaki, Agosti 2009, alibadilisha hukumu za watu zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha, akasema kusubiri kifo miaka na mikaka ni mateso ya akili, na akataka serikali ichunguze kama hii adhabu inasaidia kupunguza uhalifu. Uhuru, Oktoba 2016, akafanyia watu 2,747, wanawake 92 wakiwemo. Ruto naye, Julai 2023, wote waliohukumiwa kabla ya tarehe 21 Novemba 2022. Kila mara habari inapigwa mapambio kama Krismasi, kila mara sehemu ya waliohukumiwa kifo inafagiwa, na kesho yake asubuhi korti inaanza kuijaza tena. Ni kama kupiga deki nyumba na mfereji uko wazi.

Na usifikirie waliobadilishiwa wametoka. Maisha maana yake ni maisha. Mwenye miaka 15 anahesabu siku, anatarajia kukatiwa kwa tabia njema. Mwenye maisha anahesabu nini? Ukikata theluthi ya kitu kisicho na mwisho unabaki na nini?

Wanaotetea kamba wana hoja yao kubwa, kwamba inatisha. Mkora akijua atanyongwa, ataogopa. Inaonekana poa mpaka ukumbuke historia ya hii hii Nairobi. Wizi wa mabavu ulifanywa kosa la kifo mwanzo wa miaka ya 1970, wakati wa Mzee Kenyatta, kwa sababu hiyo hiyo ya kutisha. Muulize mtu mzima kwenu kuhusu miaka ya tisini. Muulize kuhusu Wanugu, Wacucu na Rasta, vile watu walikuwa wanaogopa kuendesha gari usiku. Hiyo sheria ilikuwa na zaidi ya miaka ishirini wakati hao walikuwa wanatetemesha mji, na haikuwatisha hata kidogo. Na mwisho wao haukuwa kortini. Wote watatu walimalizwa na risasi za polisi.

Hapo ndio naona mjadala wetu unakwepa kitu. Tunabishana kama serikali inafaa kuua, na kusema kweli, hukumu ya kifo ya Kenya haitekelezwi Kamiti. Inatekelezwa mtaani. Kijana anaitiwa mwizi stejini, taya na petroli zinapatikana haraka kuliko ambulensi, na hakuna aliyeuliza kama simu ilikuwa yake. Karao anajulikana kwa jina la utani na kila mtu anajua ameangusha wangapi. Kwenye maandamano ya 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 60. Julai 2025 rais mwenyewe alisema anayechoma biashara ya mtu apigwe risasi ya mguu, aende hospitali akielekea kortini. Hakuna jaji hapo. Hakuna rufaa. Hakuna hata kifungu cha 296(2).

Kuna wanaosema hayo yote ndio sababu tunahitaji kamba: watu wanachoma wezi kwa sababu korti hazinyongi. Mimi naona kinyume. Watu wanachoma kwa sababu kesi inachukua miaka sita, kwa sababu mshukiwa anatoka kesho yake, kwa sababu faili inapotea. Kamba haitafuti faili.

Na kuhusu makosa. Wizi mwingi wa mabavu unafanyika usiku, haraka, watu wakiwa wameshtuka. Ushahidi mara nyingi ni "nilimwona kwa mwanga wa stima". Soma maamuzi ya rufaa ya nchi hii, utachoka kuhesabu hukumu za kifo zilizoangushwa kwa sababu gwaride la utambulisho lilifanywa vibaya au taa ilikuwa mbali. Hao walitoka kwa sababu walikuwa hai. Mtaani pia kuna ile story kila mtu anaijua, ya karao anayekuambia kosa lako ni wizi wa kawaida, lakini anaweza kuliandika mabavu, inategemea vile mtaelewana. Ukiwa na kosa la kifo kwa kalamu ya mtu anayetaka ngiri mbili, hiyo kalamu imekuwa bunduki.

Historia yetu pia haipendezi. Waingereza walinyonga zaidi ya Waafrika 1,000 wakati wa Mau Mau. Dedan Kimathi hakunyongwa kwa kuua mtu. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 kwa kupatikana na bastola na risasi, akazikwa ndani ya Kamiti bila alama. Mjane wake Mukami alikufa Mei 2023, miaka 66 baadaye, akiwa bado anaomba mifupa ya mzee azikwe vizuri. Kamba tuliyorithi ndio hiyo. Tulibadilisha bendera, tukaiacha hapo hapo Kamiti, na ndani ya miaka kumi hivi ya uhuru tukaiongezea makosa.

Dini nazo haziko upande mmoja kama watu hudhani. Wakristo watakupa jicho kwa jicho, lakini Kanisa Katoliki chini ya Papa Francis lilibadilisha mafundisho yake 2018 likasema hii adhabu haikubaliki. Waislamu wana kisasi, ndio, lakini pia familia ya marehemu ina nafasi ya kusamehe au kuchukua dia. Sheria ya Kenya haina hiyo. Mama wa marehemu anaweza kueleza korti uchungu wake, basi. Akisema nimemsamehe, jamhuri inaendelea bila yeye.

Majirani wanasonga. Rwanda ilifuta hii adhabu 2007, Burundi 2009. Uganda ilitutangulia kuondoa ile ya lazima, 2009, kwa kesi ya Susan Kigula, mwanamke aliyesomea sheria akiwa jela na akatoka 2016. Tanzania iliambiwa na Mahakama ya Afrika pale Arusha, 2019, kwamba kumlazimisha jaji asome kifo ni kukiuka haki ya kuishi. Zambia ilifuta Disemba 2022. Zimbabwe ikafuata siku ya mwisho ya 2024, na aliyeweka sahihi ni Mnangagwa, mtu ambaye mwenyewe aliwahi kuhukumiwa kifo enzi za ukoloni. Nadhani ukishakaa kwa hiyo selo unaiona sheria tofauti.

Kenya nayo, Disemba 2024, ilipiga kura ya ndio kwa mara ya kwanza pale Umoja wa Mataifa, pamoja na nchi zingine 129, kutaka dunia isimamishe kunyonga. Poa. Lakini huko New York ni kura. Hapa nyumbani kifungu hakijaguswa. Bunge linaweza kukibadilisha kwa mswada mmoja, na wabunge wanajua vizuri hakuna kura za kupata kwa kuonekana unaonea wezi huruma. Kwa hivyo wanasubiri korti. Korti ilishasema inasubiri mtu afungue kesi vizuri, kutoka chini.

Leliman alihukumiwa Februari 2023, Jowie Machi 2024. Tarehe ya Ruto ilikuwa 21 Novemba 2022, kwa hivyo hiyo kalamu haiwafikii. Haimfikii pia yule kijana wa ngeta ambaye kesi yake iko Makadara wiki hii, ana miaka kumi na tisa au ishirini, hajui mwenzake alikimbilia wapi, na hajaambiwa na mtu yeyote kwamba kosa lililoandikwa kwa hati ya mashtaka ni la kifo. Atajua siku ya hukumu.